Paa la Baba Lilipohama

Mtaani kwetu hali ya hewa haikuwa na adabu. Unaamka jua linachoma, unaanika nguo, na kabla hujabana kibanio cha mwisho mvua ya mawe inakugonga utosini. Mama akienda sokoni alibeba mwavuli, sweta na kofia ya jua, na bado alirudi amekosea. Redio ikitangaza kutakuwa shwari, watu walikimbia kuingiza kuku ndani.

Mahali kama hapo fundi wa kuezeka ni mtu mkubwa, na fundi mwenyewe alikuwa baba yangu. Kila dhoruba ikipita aliitwa huku na kule. Alipanda juu, akatikisa kichwa na kuuliza, "Nani aliwafanyia kazi ya namna hii?" Aliuliza hivyo hata pale alipokuwa ameezeka mwenyewe.

Nyumba yetu pia aliiezeka kwa mkono wake. "Upepo uling'oe paa hili?" alitamba mezani. "Labda niwe nimekufa."

"Punguza, baba watoto," mama alimwambia. "Upepo nao una masikio."

Jumamosi moja tulikuwa tunakula chakula cha mchana, baba, mama, dada na mimi, mara nje kukawa giza na masikio yakaziba. Paa likanyanyuka kidogo, kama kifuniko cha sufuria inayochemka, kisha likakaa.

"Mnaona?" baba akasema. "Limerudi."

Mara ya pili halikurudi. Tulibaki tumeshika vijiko, tukitazama mawingu, mvua ikitiririka kwenye mchuzi. Tukajitupa chini ya meza wote wanne, ila baba kwa unene wake alienea kichwa na mabega tu. Sehemu iliyobaki ilinyeshewa mawe.

Dakika kumi baadaye jua likawaka kama vile si lolote. Tukatoka kulitafuta paa. Uani halipo, barabarani halipo. Ndipo tukasikia kelele kwa jirani.

Jirani huyo alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, tukimwita Bwana Kesho. Miaka tisa kuta za nyumba yake zilikuwa zimesimama bila paa, yeye akiishi katika chumba kidogo cha nyuma. Ukimuuliza ataezeka lini, jibu lake lilikuwa moja tu: kesho. Sebuleni alikuwa amepanda nyanya. Sasa tulimkuta amepiga magoti katikati ya nyanya hizo, na juu yake paa letu, zima, limekaa upande kidogo kama kofia ya mlevi.

"Mungu hamtupi mja wake!" alilia.

"Mwalimu," baba akasema, "hilo ni paa langu."

"Sikatai. Lakini limekuja lenyewe, mimi sikuliita."

Watu walijaa wakilishangaa. Hakuna bati lililotoka wala msumari uliolegea. Baba, huzuni ikamtoka, akaanza kuwaonyesha kwa kidole. "Tazameni mistari hiyo! Hiyo ndiyo kazi!"

"Sasa fundi," mama mwenye duka la mtaani akauliza, "kama kazi ni nzuri hivyo, limetokaje?"

Baba akakohoa. Mama alimvuta pembeni, nami nikawafuata.

"Waya za kufunga paa kwenye ukuta ziko wapi?"

"Nilisema nitazifunga nikipata nafasi."

"Miaka kumi na moja, baba watoto?"

"Kila nikitaka kupanda, watu wananiita," akajibu kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Mama hakugomba. Aliingia ndani, akatoka na godoro kichwani.

"Unakwenda wapi?"

"Kwenye paa langu."

Tukamfuata na vyombo. Bwana Kesho alitupokea vizuri, alichoomba ni tusikanyage nyanya. Jumatatu mawingu yalipotanda tena, baba alipanda haraka akalifunga paa lile kwa waya, kila kona mara tatu. Alifunga vizuri mno, hata yeye mwenyewe akashindwa kulifungua bila kulivunja.

Hapo mwenye nyumba akafunua uvungu wa kitanda chake. Mabati mapya, yamepangwa. Mbao zilikuwa nyuma ya mlango.

"Vyote hivi unavyo?" baba akashangaa. "Mbona hukuezeka?"

"Nilikuwa nasubiri hali ya hewa itulie."

Baba alicheka mpaka akakaa chini. Wakabadilishana: mwalimu akabaki na paa, sisi tukachukua mabati na mbao.

Siku ya kumalizia nyumba yetu, baba alikuwa juu, mama chini. Upepo ukaanza kuvuma. Baba akageuka ashuke, akakuta ngazi haipo. Mama alikuwa ameiondoa, ameilaza chini na kuikalia.

"Mke wangu, dhoruba hiyo inakuja!"

"Naiona," mama akasema. "Funga waya."