Mchuzi Usio na Kitunguu

Daktari aliuita mlo wa FODMAP kidogo, yaani wa kuepuka vyakula vinavyojaza tumbo gesi. Nyumbani waliuita Ile Karatasi. Kitunguu, marufuku. Kitunguu saumu, ngano, dengu, korosho, marufuku, wiki sita. Mzee, aliyepikia bweni la chuo miaka thelathini na kuufanya kila mchuzi uwe mzito kwa vitunguu vya kukaanga, aliisoma mara mbili, kisha akauliza kama daktari amesahau kuyapiga marufuku maji.

Tumbo lake lilitulia. Mzee naye akaacha kula. Mchuzi mwepesi aliuita maji ya kuoshea sufuria, akabaki na wali mkavu, na wiki ya tatu mkanda wake ukahitaji tundu jipya. Mkaza mwanawe, ambaye bado alikuwa akimwamkia akiwa nusu nje ya mlango, ndiye aliyelitoboa kwa msumari. Siku hiyo akaamua kupika mwenyewe.

Jumatatu alimwaga wanga wa mahindi mkavu kwenye mchuzi wa bizari unaochemka. Ukafanya madonge.

"Wifi, hii ya kula au ya kubandika mabango?" aliuliza dada wa mumewe, akinyanyua mwiko huku sufuria ikitaka kuufuata.

"Ya kubandika mdomo wako," alijibu, kwa sauti ndogo hata ikabidi arudie.

Jumanne aliukoroga wanga kwanza kwa maji baridi. Mchuzi ukawa mzito vizuri, akauacha motoni kwa kuogopa ubichi, ukalegea tena. Jumatano akageukia unga wa mchele, moto mdogo, na karoti zilizopondwa. Saumu aliikaanga kwenye mafuta, kisha akaitoa yote, maana Ile Karatasi iliruhusu harufu bila mwenyewe.

Mezani, mzee alichota, akageuza kijiko, akapitisha kidole mgongoni mwa kijiko hicho. Mstari ukabaki wazi, mchuzi haukuufunika. Akautazama sana.

"Umeweka kitunguu?"

"Hapana, baba."

"Saumu?"

"Imepita tu, baba. Haikukaa."

Akala. Sahani ya kwanza, kisha ya pili. Hata wifi akajiongezea. Kisha mzee akainuka, akaingia jikoni, ambamo hakuwa ametia mguu kwa wiki tatu, akachungulia sufuria.

"Chumvi imepungua," alisema. "Na kisufuria hiki ni cha wagonjwa. Kesho tunatumia sufuria ile kubwa, mimi na wewe."

"Sawa, baba," alisema mkaza mwanawe, aliyekuwa amemfuata, akageukia sinki na kuosha kikombe ambacho kilikuwa tayari safi.