Unga Chini ya Kinyago

Fébronie alikwisha kuinua kitambaa afute rafu, akasita. Chini ya kidevu cha kinyago palikuwa na unga wa mbao, kiasi cha kufunika ukucha. Jumanne iliyopita haukuwepo.

Ilikuwa Julai 2021, Sydney imefungwa kwa sababu ya korona. Wataalamu wa ghala lile la vitu vya kale, huko Lidcombe, walikuwa majumbani. Fébronie, msafishaji, peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuingia, mara moja kwa wiki. Agizo lake lilikuwa fupi: futa vumbi, usiguse kitu. Kinyago chenyewe kilikuwa uso wa mti uliopakwa rangi Misri, maelfu ya miaka iliyopita, ukawekwa juu ya jeneza.

Akiufuta unga, hakuna atakayejua. Akisema, huenda wakadai amekigonga. Lakini Fébronie, Mrundi, alikulia kambini Tanzania katika nyumba ya miti, na unga mpya aliujua: mdudu yu hai ndani, anakula.

Akampigia video Wilkister, Mkenya aliyevitunza vitu vile.

"Samahani, dada. Kinyago kinabunguliwa."

Wilkister alisogeza uso kwenye skrini. "Kweli. Na mimi niko isolation, siruhusiwi kutoka nyumbani. Itabidi ukibebe wewe."

"Mimi? Nimekatazwa kugusa."

"Leo nimekuruhusu. Vaa glavu, mikono miwili kwa chini. Polepole tu, mama."

Kilikuwa chepesi kuliko alivyodhani. Shavuni rangi ilikuwa imebanduka nusu, na kila alipopumua aliona itaanguka. Hatua sita mpaka mezani. Kwa maelekezo ya Wilkister akakitia katika mfuko mzito wa plastiki pamoja na vipakiti vya kufyonza oksijeni, mdudu akose hewa, akauziba. Kisha akakaa sakafuni.

Wiki tano alipita pale akiogopa kutazama.

Ya sita, Wilkister alikuja, akakifungua na kukilaza juu ya karatasi nyeusi, ili unga mpya ukianguka uonekane. Jumanne iliyofuata waliinama wote wawili, barakoa usoni. Karatasi ilikuwa safi.

"Wamekufa," Wilkister alisema. "Na rangi yote ipo. Hata ya shavuni."

Fébronie alishusha pumzi ndefu iliyomlowesha barakoa. Alitaka kucheka, akaishia kufuta macho kwa kiwiko.

Wilkister akavuta fomu. "Hapa wanataka jina la aliyekihamisha. Lako linaandikwaje?"

Fébronie akasogea, akalitaja herufi moja moja, kwa sauti.

"E ya kwanza ina kialama juu," akaongeza.

Wilkister akairudisha kalamu nyuma, akakiweka.