Chungu cha Kaburi la Costancia

Filimbi ya mgambo ilipolia kuwaita watu shamba la ujamaa, Letisia alikuwa amepiga magoti mbele ya shimo, akipanga magome yanayowaka juu ya chungu chake. Hakuinuka. Chungu kikishawashiwa moto hakiachwi, na hiki kilikuwa cha tatu. Cha kwanza kilipasuka kivulini kikikauka, kwa sababu alitia mchanga kidogo mno. Cha pili kilipasuka motoni kwa sababu ya haraka zake. Miaka yote mama yake alipomwita aje ajifunze, alijibu kwamba hakusoma misheni ili aje kushika matope. Sasa alikuwa na miaka thelathini na mbili, na vidole vyake vilimwaibisha.

Mama yake, Costancia, ndiye aliyewafinyangia watu wa Malolo, kijiji chao cha zamani. Alikufa wakati wa mvua, miezi mitano baada ya watu kushushwa kutoka huko milimani kuletwa kijiji cha ujamaa, akazikwa bila chungu kichwani pa kaburi. Kwa watu wao, kumzika mfinyanzi hivyo ni sawa na kumzika uchi. Mchungaji analijua jambo hilo na huangalia pembeni. Chungu lazima kitoke mkononi mwa binti; cha kununua hakifai, na cha kuazima ni matusi. Letisia alikuwa binti pekee.

Mama yake mdogo, Regina, aliketi kando akimwelekeza, maana mikono yake mwenyewe ilikuwa imekufa ganzi. Asubuhi hiyo alikuwa amemsihi aende shambani kwanza, kwa kuwa asiyefika hapimiwi unga. Ulikuwa mwaka wa njaa, na unga wenyewe ni ule wa njano wa msaada, yanga, uliokaa melini mpaka ukaingia uchungu. Lakini tumbo halichagui.

"Aliye juu mngoje chini, mwanangu," alisema Regina.

Letisia alimjibu kwamba amemngoja tangu mwaka jana na hajaona dalili ya kushuka.

Jua lilipofika utosini, alikitoa chungu kwa mti mrefu, akakiacha kipoe. Kilikuwa kimeegemea upande, mdomo haukuwa duara, na tumboni kilikuwa na doa jeusi. Alikigonga kwa kidole. Kikalia vizuri. Regina alicheka, kisha akajifunika uso kwa kanga akalia.

Hapo ndipo alipofika Wenceslaus, katibu wa tawi. Alizaliwa nyumba ya tatu kutoka kwao kule Malolo, na sasa alivaa kaunda suti yenye kalamu mbili mfukoni. Alimpa Regina shikamoo, na kabla ya marahaba macho yake yalikuwa kwenye chungu. Alieleza kwamba mgeni kutoka mkoani anafika saa tisa, na taarifa ilishapelekwa kwamba kijiji kina kikundi cha ufinyanzi cha akina mama ishirini. Kikundi hicho hakikuwapo. Ilitakiwa zawadi ya kumkabidhi mgeni, na chungu hiki kikitolewa, kosa la Letisia la kukwepa kazi lingesamehewa.

"Hiki ni cha kaburi la mama," Letisia alisema.

"Utafinyanga kingine, dada. Marehemu hana haraka."

Letisia aliona giza kwa hasira. Siku ya kuhama, huyu huyu alisimama juu ya lori akirusha vyungu vya Costancia korongoni, akisema lori ni la watu, si la matope. Vilikuwa kumi na saba. Bi Costancia alivihesabu kwa sauti, kimoja kimoja, na tangu siku hiyo hakushika tena udongo. Letisia hakuhitaji daktari amwambie mama yake alikufa na nini.

"Siku ile yalikuwa matope," alisema. "Leo imekuwa mali ya kijiji?"

"Usiniletee maneno. Lete chungu."

Letisia aliokota jiwe. Chungu cha kaburi hutobolewa tako mbele ya ukoo, sala ikishasemwa. Kikishatobolewa ni cha marehemu, na hakuna mtoto wa milimani atakayekigusa, hata awe na kalamu mbili. Ukoo ulikuwa uje Jumapili. Alikipindua pajani, kikiwa bado na joto la moto, akapiga mara moja. Regina alifumba macho. Tundu lilitoka, na chungu hakikupasuka.

"Haya, chukua," Letisia alisema, akimnyooshea. "Mpelekee mgeni wako."

Wenceslaus alirudi nyuma hatua mbili, mikono kaificha mgongoni. Kisha alitoa daftari la majina ya unga akalikata jina la Letisia. Akalikata na la Regina, ambaye hakuwa ametenda lolote.

Jumamosi, siku ya kupimiwa unga, walipanga foleni tangu alfajiri kama wengine wote. Majina yao hayakusomwa. Mgambo aliwaambia watoke, wakakataa. Kila aliyepimiwa ilimbidi awapitie ubavuni, wamesimama na debe lao tupu, na Wenceslaus aliyasoma majina mpaka la mwisho bila kuinua kichwa.