Mwezi Uliokamatwa Buna

Baba yangu, Maalim Nunow, alikuwa na ubishi wa ngamia dume, Mungu amrehemu. Mwaka ule wa 1965 Buna yetu, kaskazini mwa Kenya, ilikuwa chini ya kafyu. Tangu jua kuzama hadi kuchomoza, anayeonekana nje ni shifta, mwasi wa kupigwa risasi, hata kama anakwenda haja. Baba hakuacha kuamka kabla ya alfajiri kusali sala zake za sunna, na siku moja akachungulia nje, akaona mwezi umepatwa ukingoni.

"Kidogo tu, Maalim," alisema mama yangu, Osob. "Mbuzi akiuma jani huacha pengo kubwa kuliko hilo. Salia humu ndani. Allah anakuona."

"Umepatwa au haukupatwa?"

"Umepatwa."

"Basi," akasema, akavaa kofia, akatoka.

Sala ya kupatwa kwa mwezi haina adhana. Watu huitwa tu: Assalaatu jaamia, njooni tusali pamoja. Wazee wakatoka vibandani mmoja mmoja, wengine kwa kujikokota, maana ni aibu kumwacha maalim asali peke yake. Mpaka leo nina hasira nao. Wangelala, pengine naye angerudi ndani. Sala yenyewe ni ndefu, kila rakaa ina rukuu mbili, na askari waliwakuta bado wameinama.

Mkalimani wao alikuwa Keynan, mwuza ngozi aliyeokota Kiswahili chake katika soko la Isiolo. Kilimtosha kuuza ngozi. Mimi, niliyekuwa nimemfuata baba hadi mlangoni, sikujua hata neno moja, lakini nilikuwa nimesoma chuoni kwa baba, nimezoea kuhifadhi Kiarabu nisichokielewa, basi nikahifadhi yote waliyosema. Kiswahili nilijifunza baadaye, kwa hasira tupu, ndipo nikayaelewa.

"Wanafanya nini nje?" inspekta aliuliza.

"Naomba Mungu, afande. Mwezi nashikwa."

"Mwizi ameshikwa? Mwizi gani?"

"Si mwizi. Mwezi. Ile ya juu. Yeye nafichwa kidogo."

"Nani amemficha?"

"Mungu, afande."

Kama aliyefungwa kamba asingekuwa baba yangu, ningecheka. Inspekta aliona anafanyiwa mzaha. Keynan akanyoosha kidole magharibi, na sote tukageuka. Mwezi ulikuwa mzima, mweupe, hauna hata alama. Lile pengo lilikuwa limekwisha wao wakibishana. Inspekta akawauliza askari waliokuwa lindoni kama kuna aliyeona kitu huko juu. Kila mmoja akatazama buti zake. Wazee walichapwa viboko wakaachwa, lakini baba, kwa kuwa ndiye aliyewaita, akapandishwa lori hadi kambini.

Kila asubuhi mama alinituma na kibuyu cha maziwa kwenye lango la kambi. Kikirudi kitupu, alifurahi. "Amekunywa," alisema. Mimi niliwaona askari wakiyanywa palepale langoni, nikanyamaza.

Nilishikilia kwamba kosa lilikuwa la lugha. Baba alishtakiwa kwa neno bovu, basi neno zuri litamtoa. Kambini palikuwa na mpishi, Mwislamu wa Lamu, aliyekuwa akija kwetu kununua samli. Kwa ishara, na kwa kipande cha muufo, mkate wetu wa duara, nilichokimega ukingoni, nikamweleza. Akanifundisha. Nilirudia maneno yale nikichunga, nikiteka maji, hata usingizini, mama anasema. Siku nilipomkuta inspekta langoni nikayasema bila kujikwaa:

"Mwezi ulipatwa, bwana mkubwa. Baba yangu hakusema uongo."

Aliinama hadi usawa wangu. Kisha akanijibu kwa sauti ya chini, ya upole kabisa, sauti ambayo sikujua kama anayo. Sikuelewa neno, lakini upole ule niliuelewa, au nilidhani hivyo. Nikakimbia na jibu lake mdomoni nisije nikaliangusha njiani, nikafika nyumbani nikilia kwa furaha. Mama akatuma Keynan aitwe.

Nikamsomea. Akaniambia nirudie polepole. Nikarudia.

"Anasema nini?" mama aliuliza.

Keynan alikaa chini. "Anasema hata yeye aliuona."

"Aliuona mwezi?"

"Aliuona, Osob. Ulivyokuwa umepatwa. Tangu mwanzo."

"Na neno lingine? Msichana amesema maneno mengi."

"Anasema usipeleke maziwa tena."

Mama akafikiri kidogo, kisha uso ukamchangamka. "Basi baba yako anakuja kuyanywa nyumbani," akasema, akaninyooshea kibuyu nikioshe. Nikakipokea, nikamtazama Keynan anisaidie kumwambia, naye alikuwa ameshainamisha kichwa.