Jicho Lisilo na Huruma

"Huu uzi ni mweusi?" mwalimu aliuliza, akilikunjua koti juani mbele ya kibaraza.

Fundi cherehani akainama kutazama. Loo! Mshono wote wa bega ulikuwa wa buluu iliyoiva, umetambaa juu ya kitambaa cheusi bila haya. Na koti lenyewe ni la harusi ya mwanawe mwalimu, kesho mchana.

"Jana ulikuwa mweusi," akasema, wala hakuwa anatania.

Mwalimu, mtu mpole, aliliacha koti mezani, akasema atapita asubuhi. Lakini binti wa fundi alikuwa keshasikia yote dirishani, na yule hamung'unyi maneno. "Mama, si nilisema? Macho yamechoka. Cherehani niachie mimi, wewe pumzika."

Pumzika! Mwanamke ambaye mtaa mzima unamwita Jicho la Sindano, anayetunga uzi bila miwani huku akipiga soga! Siku nyingine angemjibu binti hadi majirani wachungulie. Safari hii alikaa kufumua mshono, kimya. Aliogopa. Kama macho yameanza kumdanganya, kesho atamwambia nini mteja?

Mumewe, fundi umeme, alizizoea kelele zote za nyumba ile. Kimya ndicho kilichomtisha. "Ulishona wakati gani?" akauliza.

"Jioni, hapahapa. Na kulikuwa kweupe, usinianze."

"Kweupe kwa nani?"

Akapekua mkoba wake wa kazi, akatoa kidude kidogo kama kifungo cha shati, akapanda kwenye kigoda na kukiunganisha na taa ya kibarazani. "Hiki kinapima mwanga. Ukipungua, taa inajiwasha."

"Ninayo mawili, jicho la tatu la nini?"

"Hayo yako yana huruma, mke wangu. Giza likija polepole, yanafunguka zaidi na zaidi, yanakwambia mambo shwari. Umbo la koti unaliona, kumbe rangi zimeshaaga zamani. Hiki hakijui kubembeleza mtu. Mwanga uliopo ndio kinaousema."

"Basi kimefanana na binti yako," mkewe akasema, na hapo mume akajua mambo yataongoka.

Jua lilipozama nyuma ya maghala, fundi alikuwa amekaa kibarazani, vibiringo viwili vya uzi mapajani, cheusi na cha buluu. Alivitazama. Vyote vyeusi. Akavisogeza karibu na uso, bado vyeusi.

Tap! Taa ikawaka.

"Mapema yote hii!" akang'aka. "Bado kweupe!" Kisha akatupa jicho mapajani. Kibiringo kimoja kilikuwa buluu, buluu ya wazi kabisa. Akaita kwa sauti iliyojaa ujanja, "Mwanangu, hebu njoo. Na wewe, baba yake, izime hiyo taa."

Taa ikazimwa. "Wewe mwenye macho mabichi, nipe uzi mweusi."

Binti aliinama, akavigeuza, akachagua bila wasiwasi. "Huu hapa."

"Una hakika?"

"Mama, mimi si kipofu."

"Baba, washa."

Binti akautazama uzi mkononi mwake. Ulikuwa wa buluu. Mama alicheka hadi vibiringo vikamdondoka na kubingirika uani, na binti, akivifuata kwa magoti, akashindwa kujizuia naye akacheka. "Cherehani nikuachie leo au kesho?" mama akamuuliza.

Koti lilimalizika chini ya taa ile. Asubuhi mwalimu aliligeuza juani, ndani na nje, akalivaa palepale, akaondoka nalo mwilini.

Jioni yake fundi alikuwa katikati ya upindo wa gauni, mguu unakwenda, anauona mchana ungali mrefu mbele yake. Tap. Taa ikawaka.

"Haya, umeshinda," akasema bila kuinua kichwa.

"Unasema na mimi?" mumewe akauliza kutoka ndani.

"Wewe tulia. Nasema na mwenzako," akajibu, akauvuta upindo karibu na mwanga.