Simama Watu Wakuone

Mtaa wetu wa Nakwa una watu wenye roho nzuri. Kama hujasikia, basi hujawahi kukaa nasi hata kidogo, maana tunalisema wenyewe kabla mgeni hajapewa kiti. Sijui kwenu mnaishije na wenzenu. Sisi hatumtengi mtu, na usipotuuliza tutakuambia tu.

Ushahidi wetu ni Anselm. Huyu ni fundi seremala, karakana yake inatazamana na jiko langu ninapopikia watu wa sherehe. Alizaliwa huko milimani Mbulu, akalelewa kama binti. Alipokuja mjini Babati alikuja mwanaume, akapanga chumba, akafanya kazi, na hakuna aliyemuuliza lolote kwa sababu vitanda vyake havikuwa vinalia. Kisha mama yake akaugua, akaletwa hospitali, na siku akina mama wa mtaa tulipokwenda kumjulia hali, yule mgonjwa katikati ya homa akamwita mwanawe kwa jina la zamani. Jina lenyewe silisemi. Tulirudi nyumbani kimya, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata za mtaa wetu zina midomo. Kesho yake kikundi chetu cha kufa na kuzikana kikakaa kikao. Mwenyekiti wetu ni Mama Benedict, na wakati huo alikuwa ametoka kwenye semina Arusha. Mtu aliyetoka semina hawezi kukaa nayo peke yake. Akasimama akasema Anselm ni mtoto wetu, yuko alivyo, na atakayemgusa amemgusa yeye. Mzee Hamdani mwenye duka akaongeza kwamba fundi huyu ndiye anayetutengenezea majeneza, na si busara kugombana na mtu atakayekuja kukupima ukiwa umelala. Tukapiga makofi.

Nisiwe mnafiki, lilikuwa jambo zuri. Tangu siku ile hakuna aliyemtukana wala kumrushia neno. Mama yake mwenyewe alianza kujiita Mama Anselm, tena kwa sauti. Nilijivunia mtaa wangu, na hadi leo kwa hilo najivunia.

Lakini wema, wanasema, hauozi. Wa kwetu tuliuanika kila siku kama dagaa. Mteja akija kuulizia kabati, Mzee Hamdani anavuka barabara kumwahi. "Unamwona fundi yule? Basi zamani alikuwa binti. Na sisi hatuna neno." Katekista mpya aliambiwa kabla hajafungua mkoba. Msomaji wa mita ya maji aliambiwa kabla hajaiona mita. Tulimwonyesha Anselm kama watu wanavyoonyesha ng'ombe wa maziwa waliyepewa na mradi. Yeye alikuwa anainamisha kichwa, anaendelea kupiga randa.

Mama yake alipopona, Anselm akaamua kufanya ibada ya shukrani. Kikundi kitoe turubai, viti na masufuria, mimi nipike pilau. Siku chache kabla, akaja jikoni kwangu.

"Shikamoo, Mama Clara."

"Marahaba, baba. Umekuja kupunguza wageni au kuongeza?"

"Kuongeza mmoja. Anaitwa Anjela, anafundisha shule ya msingi kule Singe." Alisema hivyo akiitazama sufuria, na mimi nikaelewa. "Bado sijamwambia habari zangu. Nataka nimwambie siku hiyohiyo, watu wakishakula, tukishuka ziwani. Naomba kwenye utambulisho mniache."

Hapo alinigusa penyewe, maana kwetu sherehe haijawa sherehe bila utambulisho. Kila ndugu na kila jirani anatajwa, anasimama, anapunga mkono, anageuka watu wamwone, na mtajaji anamsimulia hadi pilau inaganda mafuta. Na kipaza sauti anakishika Mama Benedict, ambaye hajawahi kukirudisha kwa hiari.

"Unaogopa atakukimbia?" nikamuuliza.

"Kidogo, ndiyo. Lakini hata nisingeogopa, ningetaka nimwambie mimi. Mtaa mzima umeshasimulia habari yangu, Mama Clara. Ambaye hajaisimulia ni mimi."

Nikapeleka ombi kikaoni. Waliumia hao, ungedhani wamefiwa.

"Sisi tumemkubali," akasema Mama Benedict. "Sasa anaficha nini? Mtu humficha adui. Akitufanyia siri sisi anatutukana."

"Kwa hiyo tulipiga makofi bure?" akauliza Mzee Hamdani.

Nikashindwa kuvumilia. "Mama Benedict, hapa sote tunazikubali nywele zako za dukani. Mbona hujawahi kuzivua tukaona za chini?"

Akashika kichwa chake. "Hilo ni jambo langu."

"Haya," nikasema. "Umesikia ulichosema?"

Hakusikia. Ila kwa kuwa watu walikuwa wanacheka, akakubali haraka ili tutoke kwenye nywele. Akaapa mbele ya kikao kwamba siku ya sherehe hatasema neno, na mimi nikamwamini. Nikaenda kuchambua mchele nikiwa na amani.

Siku ikafika. Anjela akaja amevaa kitenge cha samawati, akawasalimia wazee mmoja mmoja, akaketi nyuma ya ndugu wa Mama Anselm. Ibada ikaisha, padri akaondoka, Mama Benedict akakamata kipaza sauti. Akatambulisha wajomba, akatambulisha wake za wajomba, akajitambulisha yeye mwenyewe kwa kirefu. Mwisho akafika kwa mwenye shughuli.

"Anselm, simama baba. Geuka watu wakuone."

Anselm akasimama, akapunga mkono.

"Juu ya kijana huyu kuna jambo nimeombwa nisiliseme," akasema Mama Benedict, "na mimi nikiahidi nimeahidi. Silisemi. Ila mjue tu, wageni wetu, mngekuwa mtaa mwingine, mtu aliyezaliwa binti asingesimama mbele yenu leo akiwa mwanaume. Kwetu amesimama. Na hatuna neno."

Makofi yakalipuka. Tulijipigia wenyewe, na wengine walisimama kabisa ili wajipigie vizuri. Anselm alibaki na mkono wake hewani, macho yake yako kwa mtu mmoja tu. Mimi nilikuwa nimeshika mwiko, na Mungu anisamehe nilivyotaka kuutumia.

Ndipo Anjela akasimama. Kwenye utambulisho hasimami mtu asiyeitwa, kwa hiyo makofi yakakatika yenyewe. Akaenda mbele, akaomba kipaza sauti kwa mikono miwili, kwa adabu hata Mama Benedict akashindwa kumnyima.

"Shikamooni, wazazi. Naitwa Anjela. Hilo mlilosema nalijua tangu mara ya kwanza nilipokuja kuagiza kitanda. Dereva wa bajaji aliniambia kabla hatujatoka stendi. Mzee wa duka aliniambia nilipomuulizia maji ya kunywa. Sikuwa na neno, kama nyie. Ila nilinyamaza, kwa sababu nilitaka niambiwe na mwenyewe, siku akiniamini. Niliisubiri hiyo siku kwa hamu. Nilishachagua hadi nguo." Akashika kitenge chake. "Sasa mmeila kabla ya pilau."

Akarudisha kipaza sauti, akamshika Anselm mkono, wakatoka chini ya turubai wakishuka kwenda ziwani. Mama Anselm aliinamisha uso kwenye khanga yake, akalia siku ya shukrani zake mwenyewe. Nilikasirika, tena nilituonea aibu.

"Kumbe alijua," akasema Mama Benedict. "Basi hakuna kilichoharibika."

Kutoka pale tunaona ziwa. Wakakaa kwenye majani, na Anselm akaanza kuzungumza. Yeye, ambaye kwetu hajawahi kumaliza sentensi ya tatu, alizungumza na kuzungumza. Anjela akacheka, kisha akajifuta macho, kisha akacheka tena. Watu wakaacha sahani mapajani wakanyoosha shingo.

"Anamwambia nini sasa?" akauliza Mzee Hamdani. "Si tumeshamalizia yote?"

"Kuna kingine anatuficha," akasema Mama Benedict, na sauti yake ilikuwa na kilio.

Walirudi, wakala pilau ya baridi, wakasaidia kukunja turubai. Hakuna aliyeambiwa kitu, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyethubutu kuuliza.

Kabla ya kukusimulia haya nilimwomba Anselm ruhusa. Akafikiri, akapuliza vumbi la mbao kwenye msumeno. "Simulia ya kwenu, Mama Clara," akasema. "Yangu iache." Nimefanya alivyosema.

Mama Benedict ameitisha kikao Jumapili, ajenda ni moja tu: fundi alisema nini ziwani. Ni upuuzi mtupu, na nimemwambia hivyo. Nitakwenda, lakini. Nitawahi kiti cha mbele.