Cuthbert Raine Alivyopona

Hilda Raine alikuwa ameufunika unga wa mkate kwa kitambaa na kuuweka karibu na moto uumuke, honi ya mgodi wa makaa ya mawe ilipolia katikati ya zamu, ishara ya ajali. Alinawa mikono, akavua aproni, akaenda langoni pamoja na wanawake wengine wa mtaa. Mvua ya Durham, kaskazini mwa Uingereza, ilikuwa ile ya siku zote, nyembamba na ya kuudhi. Walisimama mpaka jioni bila kuambiwa kitu.

Ndipo meneja, Bwana Sowerby, akatoka kwenye ngazi za ofisi, akavua kofia, akasema kwamba wanaume wote wa handaki la kusini walikuwa "recovered".

Neno hilo la Kiingereza lina sura mbili. Kwa daktari ni mgonjwa aliyepona. Mgodini ni chochote kilichopotelea chini kikatolewa juu: toroli, farasi, maiti. Wanawake waliozaliwa pale walilijua vizuri, wakaanza kulia kabla meneja hajarudisha kofia kichwani. Lakini Hilda alikuwa binti wa fundi cherehani wa mjini, ameolewa mwaka huohuo, na neno hilo alikuwa amelisikia kwa daktari tu, siku homa ilipomtoka mama yake. Alimshukuru Mungu kwa sauti, akawahi nyumbani kuchemsha maji ya kuoga. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumfuata.

Cuthbert mumewe, ambaye mtaani walimwita Cuddy, aliingia kwa mlango wa nyuma maji yalipoanza kutoa mvuke. Walikuwa wamemlaza pamoja na wenzake kwenye karakana ya seremala wa mgodi. Wenzake walibaki, yeye aliinuka akaja kwake. Mwili ulikuwa wa baridi na kifua kimebonyea upande mmoja. Hakuwa akipumua, na akitaka kusema ilimbidi kwanza avute hewa kwa makusudi, kama mtu anayejaza mvukuto. Hilda alimwambia avue buti asichafue mkeka.

Wachimbaji wa kule hawaoshi mgongo, kwa kuwa wanaamini maji yanalegeza uti. Tangu waoane, Hilda alikuwa akimsugua mabega na kuishia hapo. Jioni ile Cuddy alikaa kwenye beseni la bati mbele ya moto, akavuta hewa, akasema, "Nioshe na mgongo, mke wangu. Hauna kazi tena."

Akauosha. Ulikuwa mweupe chini ya ule weusi, na Hilda aliupenda.

Bella Hoggarth, jirani aliyekuwa akiosha maiti za mtaa, alikuja na shuka yake chini ya kwapa. Alimshika Cuddy kiganja, kisha shingo.

"Huyu kafa," akasema. "Ila mimi naosha waliolala, hawa wanaokaa kitako siwawezi."

Akanywa chai yake, akaondoka na shuka.

Nyumba zote zilikuwa za kampuni, kwa wafanyakazi wake tu. Wajane wengine walitolewa, vitanda na masufuria vikakaa barabarani kwenye mvua. Hilda aliwaonea huruma, akawagawia mkate, kisha akarudi ndani kwa mumewe aliyekaa dirishani. Alikuwa na furaha, na wala hakuificha.

Uchunguzi wa vifo ulipofanyika mjini, Cuddy alivaa suti yake ya harusi akaenda. Alitaka kusema kwamba gesi ilikuwa imeanza kujaa handaki la kusini tangu mapema, kwamba msimamizi alimweleza meneja, na meneja akajibu waendelee kuchimba. Hakimu alimsikiliza akitaja jina, akatazama karatasi, akamwambia kwa upole kwamba mahakama haipokei ushahidi wa marehemu. Uamuzi ukawa ajali.

Baada ya hapo Bwana Sowerby alikuja nyumbani na daktari wa kampuni. Daktari alisikiliza kifua kwa muda mrefu, akasema hasikii kitu. Meneja aliuliza kama mikono inaweza kushika sepeto. Daktari akasema inaweza.

"Basi amepona," Bwana Sowerby akasema. "Na aliyepona anarudi kazini."

Walimpangia handaki la kusini, peke yake. Gesi ilikuwa bado imejaa mle, lakini yeye hakuhitaji hewa, na kampuni ikaahirisha kuweka feni. Alichimba zamu mbili mfululizo kwa sababu hakuchoka. Alirudi nyumbani akiwa ameinama zaidi kila siku, na hakuoga tena ila mabega.

Hilda alimfuata meneja ofisini. Alisema kosa lilikuwa lake, hakulielewa neno, mumewe ni maiti na anaomba akamzike. Alisema yuko tayari kuiacha nyumba siku hiyohiyo.

"Bibi Raine," meneja akamwambia, "mimi nilisema neno moja tu. Maana umechagua mwenyewe."

Majira ya baridi honi ililia tena, safari hii handaki la mashariki. Wanawake walisimama langoni. Bwana Sowerby akatoka, akavua kofia, akalisema neno lilelile, taratibu, huku akiwatazama usoni mmoja mmoja. Kando ya Hilda alikuwapo Edie, msichana wa shambani aliyeolewa juzijuzi. Uso wake ulianza kuchangamka.

"Kwa hiyo wamepona?" Edie akauliza.

Hilda alimshika mkono kwa nguvu. "Mumeo kafa, mwanangu. Lia."

"Lakini si amesema..."

"Lia hapahapa, akuone. Usiende nyumbani kuchemsha maji."

Edie alimtazama, kisha akalia. Alilia kwa kelele mpaka akakaa chini kwenye matope, Hilda akiwa amemshika kichwa. Bwana Sowerby alingoja kidogo, akavaa kofia, akarudi ndani.

Zamu ya kusini ilikuwa inatoka. Hilda akaenda nyumbani, akamchemshia Cuddy maji, akamsugua mabega. Mgongo hakuugusa, kwa kuwa kesho yake ulikuwa na kazi.